Je, Mtu Aweza Kulazimishwa Kujifunza?

Mwezi huu nataka tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo kwa kulitazama juu juu laonekana ni dogo, tena ni la watu wa hospitali tu. Lakini tukilitazama sana, tutaona kwamba lamhusu kila mtu aliyepata kuugua, na kila mtu aliyepata kufundisha. Jambo lenyewe ni hili. Waganga, wauguzi, wakunga, na wale wanaowatunza wazee na watu wenye ulemavu, huamriwa kuhudhuria mafunzo mara kwa mara. Si mafunzo ya kumpandisha mtu cheo, bali ni yale ya lazima: namna ya kunawa mikono, namna ya kumwinua mgonjwa asianguke, namna ya kumrudishia pumzi mtoto mchanga asiyepumua. Wengi huja, na majina yao huandikwa. Walakini si wote walioandikwa waliojifunza. Basi twauliza: je, ni haki kumlazimisha mtu mzima kujifunza? Na ikiwa ni haki, je, yawezekana?

Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana anyoshaye kidole kwa wenzake yampasa kwanza aitazame mikono yake. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kufungua kwa sala mafunzo ya siku mbili katika hospitali moja, ambayo sitaitaja jina. Baada ya sala nikakaa nyuma pamoja na wengine. Mwalimu alikuwa ameyapanga maneno yake yamulikwe ukutani, naye akayasoma moja moja kama yalivyoandikwa, tangu saa tatu hata saa sita. Yapata saa nne nikamwona mama mmoja mkunga, mtu wa makamo, amelala hali ameketi, kalamu ingali mkononi mwake. Daftari la majina lilipopitishwa, jirani yake alimgusa. Akafumbua macho, akaandika jina lake, kisha akaandika na jina la mwingine ambaye hakuwapo, akalala tena.

Moyo wangu uliwaka. Wakati wa chai nikamwendea, nikasema, "Mama, umeandika jina la mtu asiyekuwapo. Na wewe mwenyewe ulikuwa usingizini."

Hakunijibu kwa ukali. Alisema, "Ni kweli, Mchungaji, nimekosa. Nimetoka zamu ya usiku leo asubuhi saa moja. Huyo niliyemwandikia ndiye aliyebaki peke yake wodini. Angalikuja hapa, wazazi wangalibaki na nani? Asipokuja, ataitwa ajieleze. Na haya yanayosomwa tuliyasikia mwaka jana, na mwaka juzi pia." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole, "Nawe Mchungaji, hukulala. Mwalimu amesema nini tangu asubuhi?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Nami jina langu lilikuwamo katika daftari lile lile.

Tena niwaambie neno jingine, ndipo mtaelewa kwa nini jambo hili halijaniacha. Mama yule ndiye aliyempokea mtoto wangu wa pili. Mtoto alizaliwa kimya, mwili umelegea. Mama yule alimkausha kwa kitambaa, akamsugua mgongo, na alipoona bado hapumui akaweka kifuniko usoni pake, akampulizia hewa kwa mfuko, polepole, hata mtoto akalia. Mimi nilikuwa nje ya mlango, nikasikia sauti ile. Basi mikono ile ilijua. Ilijua kwa sababu mtu fulani, siku fulani, aliifundisha, nayo ikakubali kufundishwa.

Sasa turudi kwenye swali letu. Wako watu wasemao, "Ondoeni lazima. Mtu mzima ana akili zake. Atakaye kujifunza atajifunza, na asiyetaka hata ukimfunga kitini hutampa kitu." Na wako wengine wasemao, "La, kazeni lazima. Asiyehudhuria akatwe mshahara, ndipo watakapojifunza." Naona wote wawili wameshika nusu ya kweli, na nusu ya kweli ikitembea peke yake huanguka njiani.

Tuanze na hao wa kwanza. Uhuru wa mtu ni kitu chema, nasi hatupendi kuongozwa kama mbuzi. Lakini yatupasa kuuliza: hasara ni ya nani? Mkulima asiyetaka kujifunza kilimo kipya, hasara yamwangukia kwanza yeye na nyumba yake. Mwuguzi asiyetaka kujifunza kunawa mikono, homa haimpati yeye. Yampata mzazi aliyelala kitandani, ambaye hakumchagua mwuguzi yule, wala hakuulizwa.

Mambo haya yalionekana wazi katika mji wa Vienna mwaka 1847. Ndani ya hospitali kubwa ya mji ule kulikuwa na idara ya kuzalisha ambamo waganga na wanafunzi wao walifanya kazi, nao walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuwahudumia wazazi. Mwezi wa Aprili mwaka ule, katika kila wanawake 100 waliojifungua katika idara ile, wapatao 18 walikufa kwa homa ya uzazi. Mganga mmoja, Ignaz Semmelweis, akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji yenye dawa ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Mwezi wa Juni waliokufa walikuwa kama 2 katika 100. Je, mganga yule angaliwaachia wanafunzi wake wachague, kunawa au kutonawa? Angewaonea huruma vijana kwa gharama ya akina mama. Basi kulazimisha si uonevu sikuzote. Mara nyingi lazima ni ukuta uliojengwa ili kumlinda asiye na nguvu.

Na tuone mfano wa siku zetu, maana jambo hili si la mikono tu, ni la moyo pia. Katika nchi ya Uingereza kijana mmoja, jina lake Oliver McGowan, alifariki mwezi wa Novemba mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 18. Alikuwa na usonji, na kifafa, na ulemavu kidogo wa akili. Hospitalini alipewa dawa ya kutuliza akili, ijapokuwa yeye na wazazi wake walikuwa wamesema asipewe. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020 ulisema kwamba kifo chake huenda kingaliepukika. Mama yake, Paula McGowan, hakukaa kimya. Alidai kwamba watumishi wa hospitali na wa nyumba za matunzo wafundishwe kuwaelewa watu kama mwanawe. Sheria ya mwaka 2022 ikaamuru hivyo: kila mahali pa matibabu na matunzo palipoandikishwa pahakikishe kwamba watumishi wake wamefundishwa, kila mtu kwa kadiri ya kazi yake. Ni nani atakayesimama mbele ya mama yule aseme kwamba mafunzo hayo yangaliachwa kuwa hiari?

Kwa hiyo hao wa kwanza nimewajibu. Sasa niwageukie wa pili, wenye kutumaini fimbo.

Mwaka 2008 Shirika la Afya la Dunia lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa na wote walio katika chumba cha upasuaji: jina la mgonjwa, mahali pa kupasua, damu, dawa, na kadhalika. Ilijaribiwa katika hospitali 8 za miji 8 duniani, na mmojawapo ni Ifakara yetu, Tanzania. Habari zilizotolewa mwaka 2009 zilionyesha kwamba vifo baada ya upasuaji vilipungua toka 15 katika kila wagonjwa 1,000 hata kufika 8. Watu wakafurahi sana. Ndipo katika jimbo la Ontario, nchi ya Kanada, hospitali zikatakiwa kwa lazima kutangaza jinsi zinavyoitumia orodha ile. Hospitali zikatangaza kwamba zaitumia karibu kila mara. Lakini hesabu ya hospitali 101 ilipotolewa mwaka 2014, vifo vilikuwa vimetoka 71 katika kila wagonjwa 10,000 na kuwa 65 tu, tofauti ndogo mno hata wenye kuhesabu hawakuweza kusema kwamba imeletwa na orodha. Wenye elimu wamebishana juu ya sababu zake, wala mimi si mwamuzi wao. Lakini neno moja laonekana wazi hata kwetu tusio waganga: karatasi iliyotiwa alama si ushuhuda kwamba moyo umekuwapo. Amri yaweza kuleta mwili mpaka kitini. Yaweza kuleta kalamu mpaka kwenye daftari. Zaidi ya hapo haina mikono.

Sisi Walutheri tungalipaswa kulijua neno hili kuliko wengine. Martin Luther, baada ya kuzunguka kukagua makanisa ya Saxony na kuona jinsi watu na walimu wao walivyokuwa hawajui kitu, alitunga Katekisimo mbili mwaka 1529. Katika maneno ya kutangulia ile ndogo alifundisha mambo mawili pamoja: kwamba mtu hawezi kulazimishwa kuamini, wala haifai, na kwamba hata hivyo watu hawana budi kufundishwa yaliyo ya haki mahali wanapokaa. Hakuyaona mambo hayo mawili kuwa yanapigana. Naye hakuishia hapo. Kitabu alichoandika alikifanya kiwe kifupi, cha kushikika, na kila fungu likafuatwa na swali la kuuliza maana yake. Alijua kwamba aamuruye watu wajifunze ana deni la kuyafanya mafundisho yawe ya kujifunzika.

Basi, je, ni nini kilicho baina ya hiari na fimbo? Nitawaonyesha mahali lilipoonekana, wala si mbali, ni katika nyumba yetu wenyewe. Katika mkoa wa Manyara iko Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955. Mwezi wa Aprili mwaka 2010 watumishi wake walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, wakitumia mwanasesere aliyetengenezwa kwa kazi ile. Baada ya miezi 7 walijaribiwa tena. Kwa mwanasesere walifanya vizuri kuliko zamani. Lakini walipotazamwa wakiwahudumia watoto wa kweli, kazi yao ilikuwa haijabadilika, wala vifo havikupungua. Hao hawakuwa wavivu, ndugu zangu. Walikuwa wamehudhuria, tena walikuwa wamesikia. Lakini elimu ya siku moja ilibaki darasani, haikufuatana nao wodini usiku wa manane.

Watu wa Haydom hawakuficha habari hii. Wala hawakusema, "Basi tuongeze siku ziwe tatu," au, "Tuwaadhibu." Mwaka 2011 walibadili namna. Mwanasesere aliletwa mahali pa kazi penyewe, na watumishi wakafanya mazoezi mafupi kila juma, dakika 3 hata 5 tu, na kila mwezi mazoezi ya dakika kama 40. Wakalinganisha mwaka wa kabla na mwaka wa baada. Watoto waliokufa katika saa 24 za kwanza walikuwa 11 katika kila 1,000 waliozaliwa. Sasa walikuwa 7. Habari hizo zilichapwa mwaka 2015. Kazi ile ikaendelezwa na kuongezwa mambo mengine, ikafanywa katika vituo 30 vya mikoa 5 ya Tanzania, na mwaka 2025 ikatangazwa kwamba huko vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na katika siku za kwanza vilipungua toka 15 na zaidi kidogo katika kila 1,000 hata kufika 12 na nusu. Ukiwaza kwamba kila mmoja katika hesabu hiyo ni mtoto aliyelia, na baba aliyekuwa nje ya mlango akasikia, hutazisoma tarakimu hizo haraka.

Naona basi kwamba kuna madeni matatu, na mahali ambapo moja halilipwi, yale mawili mengine hayatoshi.

La kwanza ni deni la anayeamuru. Ukimwamuru mtu ajifunze, mpe saa ya kujifunza. Kumwita mtu aliyekesha aje akae kitini toka saa tatu hata saa sita si kumfundisha, ni kumtesa kisha kumshitaki. Tena asidai majina tu. Mkubwa anayehesabu majina atapewa majina, maana watu humpa mkubwa kile anachokihesabu. Akiuliza, "Nionyeshe ufanyavyo," atapewa matendo.

La pili ni deni la anayefundisha. Yampasa kumleta mgonjwa mbele ya macho ya wanafunzi. Katika mafunzo yale ya Uingereza yaliyopewa jina la Oliver, watu wenyewe wenye usonji na wenye ulemavu wa akili hushirikiana katika kufundisha. Mtu aweza kulala mbele ya maneno yaliyomulikwa ukutani. Ni vigumu kulala mbele ya mtu anayekueleza jinsi ulivyomtisha ulipomshika bila kumwambia. Siku hizi mafunzo mengi huletwa kwa kompyuta na simu, na mtu hubonyeza hata akafika mwisho akapata cheti. Sikilaumu chombo. Lakini kama hakuna uso wa mtu ndani yake, huyo aliyefika mwisho amefika mwisho wa nini?

La tatu ni deni la anayejifunza, nalo nisiliache kwa kuwahurumia wauguzi. Yule mama alikuwa amechoka, tena alitaka kumponya mwenziwe na lawama. Hata hivyo jina lile lilikuwa uwongo, naye alikiri. Uwongo wa daftari hauishi daftarini. Msimamizi akilisoma husema, "Wote wamejua, tumejiandaa," kumbe mmoja hajui. Na atakayelipa ni mzazi atakayefika usiku. Tena yeye asemaye, "Haya nayajua tangu zamani," na ajipime. Mikono husahau pasipo kumwarifu mwenyewe. Mpiga ngoma hodari hupiga kila siku, wala haoni haya kwamba bado anajizoeza. Basi mtumishi akiitwa darasani asiulize, "Watanitakia nini hawa?" Na aulize, "Leo wodini kuna nani ambaye kwa ajili yake nimekuja hapa?" Huyo hakupewa hiari ya kuugua.

Mtaniuliza, Mchungaji, je, ulifanya nini baada ya siku ile? Nilifanya kidogo tu. Nilikwenda kwa mwuguzi mkuu wa hospitali ile, nikamweleza habari za walio zamu ya usiku, bila kutaja jina la mtu. Alinisikiliza, akasema, "Nayajua hayo. Lakini wakaguzi wakija, huuliza daftari." Mwaka uliofuata aligawa mafunzo kwa zamu, ili atokaye usiku asiitwe asubuhi. Daftari lingaliko, na watu bado ni wachache. Sitawadanganya kwamba mambo yote yametengenea.

Nami nikarudi kwa watoto wangu wa kipaimara. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeridhika kila mtoto akisema kwa moyo bila kukosea. Nilikuwa mwenye daftari kama wengine, naandika "amejua." Siku moja nilimwuliza kijana aliyesema vizuri kuliko wote, "Amri hii yakutaka ufanye nini leo ukifika nyumbani?" Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ngeni. Hapo nilimkumbuka mkunga na swali lake kwangu.

Kwa hiyo, wapenzi, ninyi walimu wa katekisimo, na ninyi wazee mlio katika kamati za hospitali na zahanati zetu, msiseme kwamba lazima ni mbaya, wala msiseme kwamba lazima yatosha. Mtu aweza kulazimishwa kuja. Kujifunza hawezi kulazimishwa. Aweza tu kusaidiwa aone kwa nini ameitwa. Daftari na liwepo, lakini mkilifunga, nendeni wodini mkatazame mikono.

Mtoto wangu yule sasa anasoma shule. Kila anapopiga kelele nyumbani na mama yake akamwambia anyamaze, mimi humwacha kidogo alie.